Encelia Iringa: jani kama limetoka mashineni kusaga

Kamwene wapendwa! Nipo hapa hapa Iringa, na usiondoke kabla sijakuonyesha jani la mmea huu, encelia. Maua ya njano mnayaona, ni mazuri, ni ukoo mmoja na alizeti. Ila kilichoniteka ni jani.

Kamera, sogea. Sogea tena. Weupe huu si vumbi la barabarani, ni vinyweleo. Nalowesha kidole gumba, nasugua taratibu... kijani hicho! Inaitwa Encelia farinosa, na hiyo farinosa ni Kilatini, yaani yenye unga. Kweli kabisa, kama limetoka mashineni kusaga sembe. Kwao ni majangwa ya Marekani na Meksiko, Sonora huko. Weupe unarudisha mwanga wa jua, jani halichemki, maji hayapotei ovyo.

Sasa tazama kopo hili la pili. Mbegu za pakiti moja, ila huu naumwagilia mara kwa mara. Jani pana, kijani, vinyweleo vichache. Wenye kiu ndio mweupe! Kila asubuhi nayalinganisha, na bado nafurahi kama siku ya kwanza.

Kilichoniudhi: aliyeniuzia mbegu alisema nimwagilie kila siku. Kwenye udongo wetu mwekundu unaoshika maji? Miche minne kati ya tisa ilioza mizizi, niliumia sana. Changanya mchanga mwingi wa mto, kopo litoboe chini, masika liweke mahali pasiponyeshewa. Na matawi yanakatika kama biskuti, yashike kwa adabu. Utomvu wake unanukia. Wamisionari wa Kihispania kule waliuchoma kanisani kama ubani.

Wa Isimani kwenye ukame, mmea wenu huu. Wa Kitulo kwenye baridi kali, poleni, umande ukiganda utauua.

Mtaniuliza kuhusu tekoma, kile kichaka kingine cha maua ya njano. Tawi unapewa na jirani bure, inachanua haraka, sawa. Lakini inajiotea mpaka makorongoni, mimi siipandi tena. Pakiti hii ya encelia nilitoa shilingi 12,000. Nilikuja kusema ni ghali... hapana, nikilitazama jani hili, nanunua nyingine. Ukiagiza mbegu nje, kwanza uliza kibali TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, tafadhali sana.

Halafu, video sasa ni Jumamosi, si Jumatano. Jumamosi hii nauhamishia huu mweupe ardhini, pale kwenye kichuguu cha mawe. Tutaanza na shimo.