Nilivyopata vipuri vya maiki mbili za zamani nikiwa hapa Mtwara

Mjomba wangu aliimba bendi ya dansi miaka mingi. Alipoona pumzi haimtoshi tena, aliniita nyumbani kwake Mikindani, akashusha kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya kabati. Ndani yake, ndani ya kipande cha kanga, ilikuwemo maiki yake. "Mjomba, hii ni yako sasa. Isiuzwe." Sisi ukoo wetu unahesabiwa kwa mama, kwa hiyo kitu anachokukabidhi mjomba hukipokei kama zawadi ya Idi. Ilikuwa Shure SM58 ya zamani, ya wakati zikitengenezwa Marekani kwenyewe, rangi ya mpini imechubuka mahali kidole gumba chake kilipokuwa kinakaa. Niliichomeka kwenye mikisa jioni ile ile. Kimya.

Naandika haya kwa sababu nimehangaika miezi mitano na maiki hiyo na nyingine moja ya kwaya, na njia nzima nimeipita bila mtu wa kuniuliza. Kazi yangu ni mitambo ya muziki, harusi na mikutano, kuanzia Mtwara mjini hadi Tandahimba. Mwenye maiki ya zamani iliyolala kabatini, asome kabla hajatoa hela.

Kosa la kwanza lilitokea kwenye kupima. Fundi mmoja alichukua testa, akaweka ncha kwenye pini namba 2 na namba 3 za kenoni (ile plagi ya pini tatu ya maiki), sindano ikapanda, akaniambia kichwa (kile kipande cha juu kinachonasa sauti) ni kizima, tatizo ni waya. Nikabadilisha waya, nikabadilisha na plagi. Kimya vile vile. Nilikuja kuelewa baadaye, baada ya kuifungua mwenyewe: ndani ya mpini wa SM58 kuna transfoma, na ukipima kwenye kenoni unapima koili ya transfoma. Kichwa kinaweza kuwa kimekufa kabisa na testa bado ikakuambia mambo yako sawa. Inabidi ufungue chekeche (ule wavu wa chuma wa mbele), ufungue shingo polepole (usizungushe kwa pupa, kuna nyaya mbili nyembamba zinasokoteka humo), kisha upime kwenye vituo vya kichwa chenyewe, pale nyaya zinapolehemiwa. Kichwa kizima kinaonyesha ohmu na kinatoa mlio mdogo, tik, kila ukigusisha ncha. Kile cha mjomba sindano haikutikisika. Nilipomulika kwa tochi ya simu niliona pembeni ya kiwambo, ile ngozi nyembamba inayotikiswa na sauti, utando wa kijani. Ule waya wa koili ni mwembamba kuliko unywele, na miaka yote ya mate ya waimbaji na hewa ya chumvi ya bahari yetu ilikuwa imeula ukakatika.

Kwa hiyo kipuri kilihitajika kweli. Nilianza kutafuta karibu. Hapa mjini maduka ya vifaa vya muziki yana spika, nyaya, maiki mpya za bei ya chini, lakini kichwa peke yake hakuna. Nikamtuma mtu Kariakoo. Akapata duka moja lenye "kichwa cha SM58, orijino", shilingi 18,000. Kilifika kwenye pakiti nzuri yenye maandishi. Nilikilehemu, nikakijaribu, na sauti ikatoka, kwa hiyo kwa siku mbili nilikuwa na furaha. Siku ya tatu tulikuwa na harusi Chikongola. Mwimbaji alipopandisha sauti, ile maiki ilianza kukwaruza juu kama kijiko kwenye sufuria, na kila nikiongeza kidogo spika zinapiga mluzi, wakati maiki nyingine mbili pale pale jukwaani zimetulia. Nikaizima katikati ya wimbo. Bibi harusi hakujua, lakini mimi nilijua, na nilijisikia vibaya kwa ajili ya mjomba aliyekuwa amekaa mstari wa mbele akiisubiri.

Nikikitazama sasa, dalili zilikuwepo toka mwanzo. Kilikuwa chepesi mno mkononi, na ile mpira inayokizunguka, ambayo kazi yake ni kumeza mitikisiko ya mkono, ilikuwa ngumu kama kifuniko cha chupa. SM58 bandia ziko nyingi sana sokoni, zima na vipande. Kiwanda kinaandika uzito wa maiki nzima kuwa gramu 298, na bandia nyingi hazina hata transfoma ndani, kwa hiyo mizani ya dukani tu inaweza kukuokoa kabla hujalipa.

Ndipo nikaamua kuagiza chenyewe. Jambo moja la kushukuru kuhusu SM58 ni kwamba ilianza kuuzwa mwaka 1966 na mpaka leo haijaachwa kutengenezwa. Kichwa chake cha kubadilisha kinaitwa R59, na chekeche lake ni RK143G. Ukiandika namba hizo huhitaji kueleza zaidi. Mwenye SM57, ile dada yake ya mwaka 1965, atafute R57. Niliagiza kwa muuzaji wa nje anayetambuliwa na kiwanda, mzigo ukafikia kwa dada yangu Dar, akaupakia basi la alfajiri, nikaupokea stendi ya Mkanaledi jioni. Wiki tano kwa jumla. Mpaka kinaniingia mkononi, pamoja na usafiri na ushuru, kilikuwa kimekula shilingi 230,000 na ushee.

Najua mtakachosema. Kwa hela hiyo ungeongeza kidogo tu ukanunua SM58 mpya nzima. Ni kweli, na kama maiki yako haina historia yoyote kwako, nakushauri ununue mpya. Mimi sikuwa natafuta maiki. Nilikuwa natafuta ile ile iongee tena.

Kukifunga kunataka utulivu zaidi ya ujuzi. Kabla sijakata kitu nilipiga picha, ionekane waya upi unakwenda kituo kipi, kwa sababu ukivigeuza maiki itafanya kazi peke yake vizuri tu, ila ukiiweka karibu na nyingine kwenye ngoma moja au mdomo mmoja, sauti zinauana: besi inakimbia, inabaki sauti nyembamba ya simu, nawe utalaumu mikisa usiku kucha. Pasi ya kulehemu iwe ya moto na iguse kwa sekunde moja au mbili tu. Ukikawia, plastiki inayoshika kituo inayeyuka na kipuri chako cha laki mbili kimekwisha. Tena sumaku ya kichwa inavuta kila unga wa chuma ulioko mezani. Nilifuta meza mara mbili, nikatandika karatasi nyeupe, nikaziweka mbali tupa na msumeno.

Nilipoichomeka nilimpigia mjomba simu, nikaiweka simu kwenye spika nikaongea kwenye maiki. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ndiyo yenyewe." Kwa kipuri chenyewe natoa tano kwa tano. Kwa urahisi wa kukipata ukiwa huku Kusini, mbili.

Ya pili ililetwa na mwalimu wa kwaya wa parokia moja njia ya Masasi. Wabenediktini wa Kijerumani waliweka misheni Ndanda mwaka 1906, na kwenye ukanda ule hadi leo unaweza kukuta cherehani, kinanda, au kama hivi, Sennheiser MD 421, maiki ya Kijerumani iliyotoka mwaka 1960. Ndefu, pana kama wembe wa umeme, si ya kushikwa mkononi. Mwalimu alilalamika mambo matatu: inatema uchafu, sauti ya wanaume imekonda, na haina pa kuchomekwa.

La sauti kukonda lilinichukua dakika moja, na halikuhitaji kipuri. Kitakoni mwa MD 421 kuna pete ya kuzungusha yenye hatua tano, upande mmoja M na mwingine S: Musik na Sprache, yaani muziki na maneno. Ukielekea S inakata besi ili mhubiri asikike wazi. Mtu aliiweka S kwa ajili ya mahubiri, ikaachwa hapo, na sauti ya nne imekuwa ikiimba bila kifua sijui miaka mingapi. Nilipoirudisha M mwalimu alicheka kwa sauti pale pale. Kabla ya kuagiza chochote, gusa kila swichi iliyopo.

Uchafu ulikuwa ni sponji la ndani ya chekeche. Sponji za umri huo huoza zenyewe, zinageuka unga unaonata, na unga ule ukiangukia kiwambo sauti inazibwa. Nilifungua chekeche huku nimeielekeza maiki chini, ili vipande vidondokee mezani na si ndani, nikavitoa kimoja kimoja kwa kijiti cha meno na brashi laini ya rangi. Usipulize kwa mdomo, unapeleka mate kule kule yalikoua maiki ya mjomba. Sponji jipya nilijaribu kwanza la godoro. Likameza herufi zote za s na sh, kwaya ikawa kama inaimba nyuma ya pazia. Lililofaa ni lile jembamba lenye matundu wazi linalouzwa kama kofia za maiki. Liweke mdomoni upumue: hewa ikipita bila kukazana, linafaa.

Plagi ndiyo iliyochukua muda. Hii ina soketi ya Tuchel, kubwa, ya kufunga kwa pete ya kuzungusha, si kenoni, na waya wake wa asili ulishakatwa. Nilipata waya uliotumika kutoka kwa muuzaji wa Ujerumani, nikaweka kenoni upande wa pili. Mpangilio wa pini za Tuchel hauko kama wa kenoni, kwa hiyo usiunganishe namba kwa namba; pima kwanza ujue ipi ni ipi. Humo humo niliagiza na kishikio cha kwenye stendi, MZA 421, maana cha zamani kilikuwa kimepotea na maiki ilikuwa inafungwa kwa kamba ya katani. Jumla parokia ililipa kama 160,000, na kwa maiki ambayo mpya yake ni mara kadhaa ya SM58, hiyo hela imekwenda mahali pake.

Zote mbili sasa zinalala kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Mtu aliniambia nitumie mchele. Mchele una unga, nimekataa. Chekeche la SM58 nalifungua kila baada ya shughuli kubwa, naliosha kwa maji na sabuni, halirudi mahali pake mpaka likauke kabisa. Msimu wa korosho shughuli ni kila Jumamosi, lakini dakika kumi za kuosha hazikosekani.

Bado natafuta kitu kimoja: chekeche la mbele la MD 421, kwa sababu la hii ya parokia limebonyea upande, na nikilikunja kulinyoosha linaweza kukatika. Kama una MD 421 iliyokufa stoo, Lindi, Nachingwea, Newala, popote, usiitupe. Nitakuja kuichukua mwenyewe, hata kama ndani hakuna kitu.