Rivyu: video za usaili wa majaji wa Marekani pale C-SPAN, zinafaa bando lako au la

Mi nina stationery hapa Mtwara mjini, wateja wangu wengi ni mawakili na watu wenye kesi, nachapa viapo, nachapa sababu za rufaa, natoa kopi za hukumu, kwa hiyo mambo ya majaji nayasikia kutwa. Wakili mmoja mteja wangu ndo alinionyesha hizi video, toka hapo nikiwa sina kazi naweka kwenye kompyuta ya dukani. Naziandikia rivyu maana kuna watu wanadhani ni mambo ya wasomi tu, sio kweli, ila pia kuna sehemu utajuta.

Huduma yenyewe kwanza. C-SPAN ni televisheni ya Marekani, ipo tangu 1979, inarusha vikao vya bunge lao vilevile vilivyo, hamna mtangazaji wa kuropoka katikati. Kwenye tovuti yao kuna maktaba ya video, unaandika jina la jaji unapata usaili wake, bure, gharama yako ni bando. Chini ya video kuna maandishi ya yanayosemwa, kwa sisi ambao Kiingereza chao cha haraka kinatupita hapo wametuokoa sana. Kwa upande huo sina shida nao kabisa.

Shida ni wahoji. Kule rais anateua jaji afu Seneti, lile baraza la juu la bunge lao, ndo inathibitisha, na Kamati ya Sheria ya Seneti inamkalisha mteule kitako laivu inamuuliza. Kwetu Rais anateua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, sisi wananchi tunaona kiapo kwenye taarifa ya habari basi. Sasa mtu ukisikia kuna nchi wanamhoji jaji mbele ya kila mtu unakaa mkao wa kula, unafungua, unakuta seneta anaongea yeye tu. Kwenye usaili wa Ketanji Brown Jackson 2022, mteule wa Mahakama ya Juu ya Marekani, kamati ilikua na watu 22, raundi ya kwanza kila mmoja dakika 30, piga hesabu hizo ni saa 11, na sehemu kubwa ni hotuba. Kuna mzee jirani yangu aliwahi kuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo, huwa anakuja kusoma gazeti dukani, akasimama nyuma yangu akaangalia wee akaniuliza, "Mwanangu, huyu anauliza au anaomba kura?" Nikamwambia shikamoo mzee, hata mi sijui.

Ila kuna klipu moja kama utaangalia moja tu basi ni hiyo. Desemba 2017, mteule anaitwa Matthew Petersen, kateuliwa na Trump awe jaji wa mahakama ya shirikisho ya wilaya pale Washington, ile ambayo kesi zinasikilizwa kwa mara ya kwanza na mashahidi wanapanda kizimbani. Seneta John Kennedy wa Louisiana akaanza, taratibu tu, umewahi kuendesha kesi mbele ya juri, wale raia wanaokaa kuamua kesi? Hapana. Ya madai? Hapana. Ya jinai? Hapana. Mbele ya jaji peke yake? Hapana. Akamuuliza yale maombi ya kuzuia ushahidi fulani usitajwe kabla kesi haijaanza ni kitu gani, jamaa akashindwa kueleza. Dakika tano hivi zimeisha, na siku chache baadae Petersen akajitoa mwenyewe. Na huyo Kennedy ni Republican, chama kilekile cha rais aliyemteua, hapo ndo nilipopiga meza.

Angalia alivyofanya. Swali fupi, linahusu kazi ambayo mtu kaifanya au hajaifanya, anasubiri jibu, afu swali linalofuata limezaliwa na lile jibu. Ni kama mkulima kwenye mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa korosho, hasimami kuelezea historia ya zao, anauliza kilo zangu zilikua ngapi kwenye mizani ya kwanza na ngapi ghalani, jibu. Kwa mtazamo wangu wabunge wa nchi yoyote wakipewa kazi ya kuhoji majaji wangewekewa hiyo klipu kwanza kabla hawajashika maiki.

Na sio kwamba hawana cha kuulizia. Mteule anajaza dodoso refu kabla ya usaili, anataja kesi 10 kubwa alizosimamia kama wakili, na kama alishakua jaji anataja hukumu zake 10 kubwa, maandishi yake yote, kila kitu. Kazi imeshafanyika nusu! Chukua hukumu moja, mwambie nionyeshe ulipopindia kulia badala ya kushoto na kwa nini. Muulize ni lini sheria ilikulazimisha utoe uamuzi ambao moyoni haukuupenda, hapo utamjua jaji.

Mbona hawaulizi hivyo, historia yake ipo kwenye maktaba hiyohiyo. Robert Bork, naye mteule wa Mahakama ya Juu, 1987 alijibu karibu kila kitu kwa kirefu, hata mambo ya haki ya faragha ambayo yalikua moto, na seneta Alan Simpson alipomuuliza kwa nini unaitaka hii kazi akasema itakua karamu ya akili. Kura zikaja 58 za kumkataa kwa 42, akaikosa. Waliofuata wakajifunza kufunga mdomo. Ruth Bader Ginsburg 1993 akasema waziwazi hatatoa hata dokezo la atakavyoamua, akapita 96 kwa 3. Elena Kagan 1995 akiwa mwalimu wa chuo aliandika makala kwamba usaili umegeuka maigizo matupu, mteule habanwi, afu 2010 zamu yake ikafika, na yeye akakwepa vilevile, akapita 63 kwa 37. Nilicheka, lakini simlaumu sana.

Maana kwenye kesi zijazo mi nipo upande wa wateule. Mtu kama mteja wangu anayegombania kiwanja, akijua jaji alishaahidi kwenye runinga ataamuaje, nachapa rufaa ya nini? Kwa hiyo mbunge anayeng'ang'ania "utaamuaje kuhusu hiki" anapoteza dakika zake, na mteule anayesema "siwezi kuzungumzia" hata kwenye hukumu alizoandika mwenyewe naye anatuzuga.

Kuna ya katikati pia, seneta Josh Hawley alimbana Jackson kuhusu adhabu alizotoa kwenye kesi za picha chafu za watoto. Mada ni halali kabisa, ni kazi yake, lakini usaili ule maseneta kadhaa, Lindsey Graham hasa, walikua wanamkata kabla hajamaliza sentensi. Unauliza afu hutaki jibu? Na seneta mwingine, Ted Cruz, kaja na kitabu cha watoto wadogo, hiyo ruka tu, hela ya bando inauma.

Nyongeza, sio C-SPAN ila ipo YouTube: Kenya 2016, David Maraga anahojiwa awe Jaji Mkuu. Kule laivu wanahoji Tume ya Utumishi wa Mahakama, bunge linaidhinisha baadae. Maraga ni Msabato, wakamuuliza kesi ya uchaguzi wa rais ikiangukia Jumamosi utafanyaje, maana mahakama inapewa siku 14 tu kuamua kesi hiyo. Akajibu wazi kwamba itamuwia vigumu kukaa siku hiyo, ataongea na wenzake. Mwaka uliofuata kesi ikaja kweli na mahakama yake ikafuta matokeo, tarehe 1 Septemba 2017. Swali lile lilikua la mtu aliyefikiria kazi yenyewe itakavyokua, na limejibiwa na mtu aliyefikiria pia.

Nyota: C-SPAN nyota tano, maseneta nyota mbili na nusu. Kama bando lako dogo shusha video iwe ya ubora wa chini, sura zao hazina umuhimu, Bork msikilize sauti tu huku unafanya kazi nyingine.