Vichwa vya kubadilishia vya askari wa 1/35: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Askari wa plastiki wa 1/35, yaani sanamu ndogo mara 35 kuliko mtu halisi, huponzwa na uso. Sare unaweza kuiokoa kwa rangi na buti kwa msasa, lakini uso uliotoka kiwandani bila macho, na mshono umepita katikati ya sikio, hauna dawa ya brashi. Ndiyo maana kuna watu wanaolipia vichwa vitano vya kubadilishia vya resini (plastiki ya majimaji inayomiminwa na kuganda) pesa inayokaribia bei ya boksi zima la askari wanne, na wanaona wamepata faida. Nimepanga machaguo kwa utaratibu wangu mwenyewe, kuanzia lile ninaloliamini zaidi. Nimeshikilia 1/35 na Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa sababu huko ndiko bidhaa zimejaa. Mwenye 1/48 au 1/16 atumie hesabu zilezile kwa namba zake.

Kwanza, kwa nini resini? Kiwanda cha plastiki husukuma plastiki ya moto ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu ikifunguka, chochote kilichojificha nyuma ya kingine hukwama, kwa hiyo mchongaji hulazimika kukijaza: kivuli chini ya ukingo wa kofia, pango la sikio, nafasi kati ya mkanda wa kidevu na shavu. Resini humiminwa kwenye kalibu ya mpira wa silikoni, nao huvutika na kuachia kipande bila kukikata. Macho yanabaki yameingia ndani mahali pake, na kofia ina uvungu. Boksi mpya za Tamiya, kampuni ya Kijapani ya sanamu za plastiki, zilizotokana na watu halisi waliopigwa skana ya 3D, zimepunguza pengo hili sana. Hata hivyo, weka uso wa plastiki na uso wa resini kwenye kiganja kimoja, na hutahitaji kuambiwa ni upi.

Pima, usiamini lebo

Kichwa cha mwanamume mzima, kutoka kidevuni hadi utosini, ni kama sentimita 23. Ukigawanya kwa 35 unapata milimita 6.6. Kwa 1/32 ni 7.2, kwa 1/48 ni 4.8, kwa 1/72 ni 3.2, na kwa 1/16 ni 14.4.

Tofauti ya 1/35 na 1/32 inaonekana ndogo, milimita 0.6 tu. Lakini rudisha kwenye mtu halisi: kumvalisha askari wa 1/35 kichwa cha 1/32 ni sawa na kumpa mtu kichwa cha sentimita 25. Mtazamaji huenda asijue kilichoharibika, ila ataona kuna kitu hakijakaa sawa.

Lebo za milimita ndizo zenye mtego mkubwa. Sanamu ya "milimita 54" huhesabiwa kuwa 1/32, lakini wapo wachongaji wanaopima hadi utosini na wapo wanaopima hadi usawa wa macho. Huyu wa pili ukimpigia hesabu utakuta amefika 1/30. Na hata 1/35 yenyewe si moja: askari wa boksi za zamani mara nyingi ni vijeba wakisimama na wa boksi za karibuni, na mikono na vichwa vyao vimefuata udogo huo. Kwa hiyo kipimo cha kununulia ni kile cha mwili ulio nao mezani, si kile kilichoandikwa kwenye boksi lake.

Kichwa chenye helmeti huwezi kukipima hadi utosini. Tumia kanuni ya wachoraji: macho hukaa katikati ya kichwa. Kutoka kidevuni hadi kwenye jicho iwe karibu milimita 3.3 kwa 1/35. Kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia milimita, hata ya bei rahisi inatosha kabisa. Dukani mtandaoni ambako hushiki kitu mkononi, mwombe muuzaji picha ya kichwa kikiwa kando ya rula. Akikataa, nunua kwingine.

Nafasi ya kwanza: pakiti za resini za vichwa vitano

Hapa jina linalotajwa kwanza ni Hornet ya Uingereza, kazi ya mchongaji Roger Saunders. Kwa kawaida pakiti ina vichwa vitano, kila kimoja na uso wake, na herufi za mwanzo za namba ya bidhaa hukuonyesha taifa: HGH ni Wajerumani, HBH Waingereza, HUH Wamarekani. Sababu yangu ya kuviweka juu si umaridadi peke yake. Vinalingana. Ukinunua pakiti mbili leo na ya tatu mwakani, wanaume wote kumi na watano watakaa kwenye kifaru kimoja bila mmoja kuonekana mtoto wa mwenzake. Nyuso nazo zina tabia: mmoja amechoka, mwingine anafoka, mwingine anasikiliza amri asiyoipenda.

Ubaya wake ni umaarufu wake. Kwenye meza ya maonyesho utamkuta yule sajini mwenye mashavu yaliyobonyea mara tatu, katika majeshi matatu. Mzungushe kichwa, badilisha masharubu kwa rangi, mpe kivuli cha ndevu za siku mbili, inasaidia.

Ukishindwa kuamua pakiti ipi ya kuanzia, chukua ya vichwa vitupu, visivyo na kofia. Helmeti na kofia zimejaa kwenye mabaki ya boksi za plastiki. Uso mzuri ndio adimu.

Nafasi ya pili: sanamu za resini zenye vichwa viwili

Alpine Miniatures huweka vichwa viwili kwa kila sanamu ya 1/35, aghalabu kila kimoja na kofia yake tofauti. Kwa bei, sanamu hiyo moja huizidi boksi la askari wanne wa plastiki, kwa hiyo kununua sanamu nzima kwa ajili ya kichwa tu ni ubadhirifu. Lakini kama ulikuwa unaitaka sanamu yenyewe, kichwa cha pili kinabaki mkononi, na uchongaji wake uko daraja la juu. Mimi huviweka kwenye kikasha cha dawa chenye vyumba, nimeandika taifa na mwaka kwenye kila kifuniko. Sanamu tatu nne baadaye, tayari una akiba ya kuanzia.

Nafasi ya tatu: vichwa vya printa ya 3D

Miaka michache iliyopita ningeviweka mwisho. Leo printa za resini huchapa tabaka za milimita 0.05 au nyembamba zaidi, na unapata helmeti yenye uvungu na mkanda wa kidevu unaoning'inia kweli. Faida ambayo wengine wote hawana ni kwamba ukinunua faili badala ya kipande, ukubwa unaubadilisha mwenyewe. Mwili wako ni mdogo kidogo? Punguza asilimia nne, chapa tena.

Kasoro ziko tatu, na ya kwanza ndiyo kubwa. Wachongaji wengi wa faili hizi wametokea kwenye michezo ya kompyuta, na nyuso zao zina taya pana na macho makubwa ya katuni. Kwenye skrini zinavutia, kwenye 1/35 zinakuwa midoli. Pili, mikanda myembamba huvunjika kama tambi kavu wakati wa kukata nguzo zilizoshikilia kichwa kikichapwa. Zamisha vichwa kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Tatu, kazi ya haraka hutoka ikinata kwa sababu haikukaushwa vizuri kwenye mwanga wa UV, na rangi haitashika juu yake.

Muuzaji anayeonyesha picha ya kompyuta tu, bila picha ya kichwa kilichochapwa, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nafasi ya nne: mabaki ya plastiki

MiniArt, Master Box na Dragon huacha vichwa vya ziada kwenye boksi, na bei yake ni bure. Vinashika kwa gundi ya kawaida ya plastiki. Vitumie kwa askari aliyegeuza mgongo, aliye ndani ya lori, au aliyefunikwa na kofia hadi puani.

Vya kuacha

Nakala za wizi. Mtu huchukua kichwa cha kampuni nyingine, hukitengenezea kalibu yake na kukiuza nusu bei. Resini husinyaa kidogo inapoganda, kwa hiyo nakala hutoka ndogo kuliko mama yake, na kona zote zimelainika. Unalipa nusu bei kwa kichwa kisichoenea, mbali ya kumnyima mchongaji jasho lake.

Vichwa vya michezo ya vita vya milimita 28 navyo hukuzwa makusudi ili vionekane kutoka mbali. Vingine vinakubali 1/48. Kwenye 1/35 usivijaribu.

Kofia na tarehe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana kichwa kinaweza kulingana kwa milimita na kikakosea kwa miaka. Kofia ya kitambaa ya Kijerumani yenye kipeo, M43, ilianza mwaka 1943. Ukimvisha askari anayeingia Ufaransa 1940, umeharibu onyesho lote. Helmeti ya Kimarekani M1 ilipitishwa mwaka 1941, na kabla yake ni ile bapa ya M1917A1. Waingereza walikwenda na Mk II, sahani iliyojulikana tangu vita vya kwanza, hadi Mk III ilipoonekana Normandy Juni 1944, kwa hiyo Mk III haina kazi kwenye mapigano ya El Alamein ya 1942.

Tofauti ya helmeti za Kijerumani M35 na M40 usiipotezee usingizi. Ni kitundu cha hewa, na kwenye 1/35 rangi ya kwanza inakimeza. M42, yenye ukingo usiokunjwa, ina thamani kidogo zaidi kama askari yuko mbele ya onyesho.

Angalia pia mwelekeo wa shingo. Anayelenga bunduki hulaza shavu kwenye kitako, na kichwa kilichochongwa kikitazama mbele hakitafika hapo bila kukata shingo upya.

Ukitaka askari wa KAR

Hili litawahusu wengi wetu. King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, iliundwa mwaka 1902, Kiswahili kilisikika kambini mwake, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya KAR, ilishuka Bonde la Kabaw huko Burma hadi Kalewa. Miili inapatikana kwa urahisi, kwani vifaa vilikuwa vya Kiingereza. Kazi iko juu ya kola. Burma walivaa kofia pana ya kitambaa kigumu, na vichwa vingi vyenye kofia hiyo vimechongwa kwa sura za Waaustralia. Ukivipaka rangi ya kahawia humpati Mkamba, unampata Mzungu aliyepakwa masizi, kwa sababu umbo la pua, midomo na taya liko kwenye uchongaji.

Njia ninayoipendekeza ni kutafuta vichwa vya Wamarekani weusi, iwe wa vifaru vya 1944 au wa Vietnam, na kuchagua vilivyo vitupu au vyenye helmeti inayotoka. Kisha uvishe kofia pana iliyokatwa kutoka kichwa cha plastiki, uvungu ukiuchimba kwa keekee ya mkono. Hapa printa ya 3D inapanda hadi nafasi ya kwanza bila ubishi, kwa kuwa faili za sura za Kiafrika zinaweza kuunganishwa na kofia yoyote. Kwa askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, wa vita vya kwanza mambo ni mepesi zaidi: tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, chenye pindo la kukinga kisogo, ni umbo la kopo ambalo unaweza kulifinyanga mwenyewe kwa udongo wa epoksi juu ya kichwa kitupu.

Kabla hujabandika

Gundi ya plastiki haishiki resini, tumia supagluu. Osha vichwa kwa maji na sabuni ya vyombo, maana mafuta ya kalibu hukataa rangi. Resini uisugue ikiwa imelowa na uvae barakoa, vumbi lake si la kuvuta. Toboa kola milimita 2 hadi 3, jaribu kwa kipande cha plastisini, tazama kwa mbele na kwa pembeni, kisha ndipo ubandike. Shingo ikibaki ndefu, mpunguzie kutoka chini, usiguse kidevu.

Kwa wanaoagiza kutoka Ulaya: pakiti moja ni nyepesi kama barua, lakini nauli yake inaweza kuizidi bei ya vichwa. Changeni wawili watatu muagize pamoja. Ikifika, hesabu vichwa na uvikague kwa lenzi kabla ya kuvikata kwenye kigingi cha resini vilichotoka nacho kwenye kalibu, kwa sababu baada ya hapo muuzaji hatakusikiliza. Viputo vya hewa hupenda ncha ya pua, sikio na ukingo wa kofia. Pua ikiwa na tundu, dai kingine. Tundu la kisogoni, chini ya kofia, lijaze kwa tone la supagluu na uendelee na kazi.