Uzoefu wangu: huduma ya mahusiano kwa umma kwa mkandarasi wa Mwanza

Sisi ni kampuni ya ujenzi. Tunajenga makalavati, mitaro na maghala, na karakana yetu ya Nyakato inachomelea matenki ya maji na mapaa ya chuma. Kwa zaidi ya mwaka sasa tunalipia huduma ya mahusiano kwa umma kutoka ofisi ndogo ya hapa hapa Mwanza. Wakandarasi na wenye viwanda wa Kanda ya Ziwa wananiuliza kama pesa hiyo inarudi. Kwangu imerudi, na imerudia saiti, si gazetini.

Kabla yao tulikuwa na wakala mmoja wa matangazo. Alitutengenezea kijitabu, na kwenye jalada akaweka Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Kampuni yetu haikupeleka pale hata kipande cha nondo. Nilipouliza nikajibiwa, "Inavutia, mzee." Nikakataa kisichapwe. Mhandisi mshauri akishika kijitabu kama kile, swali lake la kwanza ni: ninyi mlijenga sehemu gani? Ukikosa jibu, hata tenki ulilolichomelea kweli hataliamini.

Hawa wa sasa walianzia karakana. Dada anayetusimamia alizunguka na mpigapicha, akawauliza mafundi kwa nini mshono unapigwa mara mbili, bamba lina unene gani, tenki linajazwa maji lini kuangalia kama linavuja. Jioni tulikaa kuchagua picha. Kulikuwa na moja nzuri kweli, cheche zinaruka, fundi kainama na ngao usoni. Akaikuza, akanionyesha kibarua aliyesimama nyuma na kandambili. "Hii haitoki, mzee. Mteja wako ni mhandisi. Hataona tenki, ataona miguu." Buti zikanunuliwa kwanza, picha zikapigwa upya baadaye.

Lakini thamani yao niliiona kwenye kalavati moja upande wa Buhongwa. Tulimwaga zege la slabu, tukaacha mbao na mirunda chini yake, na mafundi wengi wakahamia kazi nyingine. Alibaki kijana mmoja wa kumwagilia asubuhi na jioni. Zege linapata nguvu taratibu: kyubu, yaani vipande vya sampuli ya zege hilo, zinavunjwa maabara likifika siku 7, kisha siku 28, na mirunda haiwezi kutolewa mapema eti kwa sababu watu wamechoka kuzunguka njia iliyofungwa. Mtaani neno lilishaenea: mkandarasi kala hela, kaingia mitini. Bodaboda wakaongeza chumvi, kundi la WhatsApp la mtaa likawaka moto.

Nilitegemea dada yule ataandika taarifa kwa vyombo vya habari. Hakuandika. Alinichukua mimi na injinia tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukamshusha mpaka chini ya slabu akaiona mirunda kwa macho yake. Kando ya kibao cha mradi, kile chenye majina ya mwajiri, mkandarasi na mshauri, akaweka kibao kingine cha maneno machache: zege limemwagwa tarehe fulani, linamwagiliwa kila siku, njia itafunguliwa tarehe fulani kipimo kikikubali. Na namba ya simu ya msimamizi wa saiti, ambayo inapokelewa.

Ndipo akatupeleka redioni. Usiku wa kuamkia kipindi alimfanyisha injinia mazoezi. Kila akitaja megapaskali anamkatiza: "Injinia, anayekusikiliza ni mama anayetoa dagaa Kirumba kuleta Buhongwa. Mwambie gari litapita lini." Kesho yake mzee mmoja akapiga simu studio, akauliza kwa nini tunamwagia maji kitu tunachotaka kikauke. Injinia akajibu vizuri sana: zege halikauki kama tope, saruji inahitaji maji ili ishike, na likinyimwa maji mapema linapasuka na nguvu yake inapungua. Nadhani swali la yule mzee lilitufaa kuliko tangazo lolote ambalo tungelilipia. Baada ya hapo mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekuwa akijibu kwenye kundi la mtaa.

Asitokee mtu akakuahidi kwamba huduma hii itakupa zabuni za serikali. Hizo zinapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na huko wanaangalia sifa zako, nyaraka zako na bei yako. Wanaotupigia simu baada ya kutusikia ni watu binafsi: shule, hoteli, wenye maghala. Kwa kampuni ya daraja la saba, lile la chini kabisa la usajili wa wakandarasi, yenye kazi moja kwa mwaka, mkataba wa kila mwezi ni mzigo. Ombeni walipwe kwa kazi.

Wana kasoro pia. Ripoti yao ya mwezi imejaa idadi ya waliopenda picha mtandaoni, kitu ambacho hakinisaidii. Tafsiri ya Kiingereza wanaitoza kando, na ukifanya kazi na wakandarasi wakubwa wa kigeni utaihitaji mara kwa mara. Picha nazo huchelewa, wakati mwingine paa limeshaezekwa ndipo zile za fremu zinakuja.

Nimeongeza mkataba. Safari hii nimeomba ripoti iandike malalamiko yaliyotoka kwa majirani wa kila saiti na yalijibiwa baada ya muda gani, na wamekubali.