Clansman PRC-320: mwaka wangu na simu ya upepo ya jeshi la Uingereza

Nimekaa na redio hii mwaka na miezi kadhaa, na jamaa zangu hapa Coventry wananiuliza kama nao wanunue. Jibu fupi: nunua, ila pesa utakayolipa dukani ihesabu kuwa nauli ya kwenda tu. Ya kurudi utaitoa kwenye betri na waya.

Clansman ni ukoo wa redio ambazo jeshi la Uingereza lilianza kuzitumia miaka ya 1970. PRC-320 ndiyo ya masafa marefu katika zile za kubebwa mgongoni, na ilikwenda hadi Falklands mwaka 1982. Mfumo mpya wa Bowman ulipoingia miaka ya 2000, hizi kongwe zikatoka maghalani zikawa mitumba. Inashika mawimbi mafupi, megahezi 2 hadi 30, kwa hatua za hezi 100. Piga hesabu: chaneli 280,000. Hakuna skrini. Kuna vifundo sita, kila kimoja na tarakimu yake, na vinapogeuka vinalia *tak, tak* kama kufuli nzito. Usiku huwa navigeuza hata redio ikiwa imezimwa. Mke wangu alishaacha kuuliza.

Yangu niliipata kwenye mnada wa mtandaoni kwa pauni 340, pamoja na shanta, antena ya kijiti, kisemeo cha kichwani na betri. Muuzaji aliandika "inafanya kazi". Hakusema uongo kuhusu redio. Betri, hata hivyo, ilifika ikiwa na unga mweupe kwenye nguzo zake, imekufa zamani. Nilipolalamika akanijibu kwamba alichouza ni redio, betri ni zawadi. Basi mkikuta tangazo linalojisifu "na betri yake ya asili", hiyo asili msiilipie hata senti. Hizo ni za nikeli na kadmiamu, za volti 24, na nyingi zimeshazeeka kuliko wanaozinunua.

Dawa niliyoipata ni ya kifundi wa mtaani: betri mbili za volti 12, zile za king'ora cha nyumba, nimezifunga kwa mfululizo ndani ya boksi lenye fyuzi. Pima kwa testa mara mbili kabla ya kuchomeka, maana ukigeuza chanya na hasi utakuwa umenunua kiti cha chuma. Zinafanya kazi vizuri, ila mzigo unakuwa mzito, na redio yenyewe si nyepesi. Wengine wanatumia lithiamu. Nami nitafika huko pesa ikipatikana.

Sasa kosa langu. Jioni ya kwanza niliiweka megahezi 7, bendi (kipande cha masafa) ambayo jioni hujaa watu wa Ulaya wanaopiga soga. Nikasikia mabata. Sauti nyingi, wazi, nguvu nzuri, lakini zote *kwa-kwa-kwa*, hakuna neno hata moja. Nilizungusha vifundo saa nzima nikiamini nimeuziwa kopo. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia muuzaji barua kali ya pili, ndipo mzee mmoja tunayesalimiana naye hewani alipocheka akaniambia: "Kijana, redio yako nzima. Umesimama upande usio wako."

Maana yake ni hii. Sauti ya soga kama hizo hurushwa kwa upande mmoja tu wa wimbi, wa juu au wa chini. Waridhaa wa redio, yaani raia wanaorusha kwa kujifurahisha, kwa desturi hutumia upande wa chini katika masafa yaliyo chini ya megahezi 10, na wa juu kuanzia megahezi 14. PRC-320 inajua wa juu peke yake, kwa sababu wanajeshi hawakuwa na shida na desturi za raia. Kwa hiyo jioni za megahezi 7 na 3.5 zimekupita, labda uifungue na kuichokoa, jambo ambalo mimi sitaki. Kwa sauti, kilichobaki chini huko ni AM, mtindo wa zamani unaorusha pande zote mbili za wimbi, na hapo ndipo utakapowapata wazee wa redio za kijeshi wa Uingereza, kwenye kilohezi 3615. Sauti zao nene, tulivu, nusu ya mazungumzo ni juu ya magonjwa ya goti.

Hata ukiwa upande sahihi, zile hatua za hezi 100 zitakusumbua kidogo. Mwenzako mwenye redio ya kisasa anasimama popote apendapo, wewe unasimama ngazini. Sauti yake itakuwa na ubata kiasi. Unazoea.

Jambo jingine ni leseni ya kurusha redio hapa Uingereza. Mimi nina ile ya mwanzo, Foundation, ambayo tangu 2024 inaruhusu wati 25. Redio inatoa 30 ukiiweka juu, na 3 ukiiweka chini. Hakuna katikati. Basi mimi ni mtu wa wati tatu. Na kwa ndugu wa Kenya na Tanzania: msije mkaitia sandukuni mkafika nayo uwanja wa ndege mkitegemea maelezo. Kibali kwanza, kwa maandishi. Mama yangu kule Tanga aliiona tu kwenye video akaniuliza, "Mwanangu, umejiunga na jeshi la nani?" Mtu wa forodha hatauliza kwa upole huo.

Raha yake iko nje. Mwezi wa nne niliipandisha vilima vya Malvern, hadi kilele cha Worcestershire Beacon, mita 425, huku wapita njia wenye mbwa wakinipisha kama mtu wa shughuli rasmi. Kwenye megahezi 14 nilimpata Mwitaliano. Nilipomwambia ni wati tatu na kijiti, hakuamini, akaniomba nirudie.

Kisha nikahamia megahezi 28. Kijiti kina mita 2.4, karibu robo ya wimbi la huko, kwa hiyo kinatulia vizuri bila kubembelezwa. Unazungusha kifundo cha kuoanisha redio na antena, sindano ya kipimo inapanda, basi. Jua lilikuwa juu na bendi imefunguka, mawimbi yanafika mbali. Katikati ya kelele nikasikia alama ya kituo, jina lake la hewani, inayoanza na 5Z4. Kenya. Alikuwa anaongea Kiingereza na Mjerumani fulani, akimpa ripoti, mara akamgeukia mtu aliye chumbani mwake bila kuachia kitufe: "Iweke hapo mezani, nakuja." Nadhani ni chai.

Nilingoja wamalize nikamwita. Mara nne. Akamjibu mtu wa Urusi, akamjibu mtu wa Uhispania, mimi nikabaki na kitufe mkononi. Swichi ya wati 30 iko pale pale mbele yangu, kidole kimoja tu. Sikuigusa.

Mtihani wa leseni ya daraja la pili ni mwezi ujao.