Kozi inayofundisha kuhesabu dalili kabla ya kumsikiliza mtu

Kozi hii ya mtandaoni kuhusu saikolojia ya magonjwa ya akili huchukua wiki 12, na imeandaliwa kwa ajili ya mwanafunzi wa saikolojia, uuguzi au ustawi wa jamii ambaye tayari amepitia masomo ya utangulizi. Nimeimaliza mwezi uliopita. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimekwisha kuwaandikia waandaaji wake na huenda baadhi zikarekebishwa. Nia yangu ni kumsaidia anayechagua kozi ya namna hii ajue aangalie nini kabla ya kujiandikisha.

Nianze na lililonivutia. Wiki ya kwanza haimpi mwanafunzi orodha ya magonjwa, bali inamwekea swali: ni kitu gani hasa kinachoifanya tabia fulani iitwe ugonjwa? Mhadhiri anavichukua vigezo vinne vinavyozoeleka katika somo hili, yaani kutofautiana na walio wengi, maumivu ya nafsi, kushindwa kuyamudu maisha ya kila siku, na hatari kwa mtu mwenyewe au kwa wenzake, kisha anavitikisa kimoja baada ya kingine. Mtu aliyefiwa wiki iliyopita ana maumivu na pengine hawezi kazi, lakini hakuna anayemwita mgonjwa. Mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, aliye katika kipindi cha mania, yaani cha uchangamfu uliopita kiasi, anaweza kujihisi mzima kuliko siku zote za maisha yake huku akiimaliza akiba yake yote kwa siku tatu. Hapo ndipo anapolileta tukio la mwaka 1973, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipoamua kuyaondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa. Hoja yake ni kwamba orodha hiyo huandikwa na watu, katika zama zao, na kwamba mwanafunzi anayeisoma kana kwamba imeshushwa kutoka mbinguni amekwisha kupotea njia.

Wiki ya tatu, inayohusu sonona, ndiyo bora kuliko zote. Mwongozo wa DSM, yaani orodha ileile ya magonjwa ya akili ya chama hicho cha Marekani, ambao toleo lake la tano lilitoka mwaka 2013 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2022, unataja dalili 9 za sonona kuu na kudai mgonjwa awe na angalau 5 kati ya hizo kwa wiki mbili, moja ikiwa ama huzuni ya kudumu ama kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Mhadhiri hakuishia kuzisoma. Alitutaka tuchukue karatasi na kuhesabu ni michanganyiko mingapi ya dalili inayotimiza masharti hayo. Nilianza kwa kuichora, nikakata tamaa, nikarudi kwenye hesabu za sekondari: michanganyiko yote yenye dalili 5 au zaidi ni 256, ukiondoa 29 isiyo na hata moja ya zile dalili mbili kuu, inabaki 227. Ninaweza kukaa na watu wawili ambao wote wana sonona kwa mujibu wa mwongozo, na kati yao wakashirikiana dalili moja tu. Na hata dalili zinazohesabiwa kuwa zilezile huja kwa sura tofauti: mmoja halali kabisa, hali na amekonda. Mwingine analala mchana kutwa na ameongezeka uzito. Jina la ugonjwa wao ni lilelile. Sijui kama kuna maelezo mengine ambayo yangenifanya niuelewe ukweli huo kwa haraka namna ile.

Mara tu baada ya zoezi hilo anaeleza kwamba, katika majaribio yaliyofanywa wakati toleo la tano likiandaliwa, madaktari wawili waliomhoji mgonjwa mmoja kila mmoja kwa wakati wake walikubaliana kuhusu sonona kwa kiwango cha 0.28 tu, katika kipimo ambacho 1 ni makubaliano kamili na 0 ni makubaliano ya kubahatisha, ilhali kwa ugonjwa wa msongo unaofuata tukio la kutisha kiwango kilifika 0.67. Takwimu hizi zimewekwa mahali pake, baada ya mwanafunzi kuuona mwenyewe ugumu, na hilo ni jambo ambalo walimu wengi hawalijali.

Kwa bahati mbaya, mazoezi ya kila wiki yanayabomoa haya yote. Ni maswali ya kuchagua jibu, kila moja likiwa na kisa cha mistari sita, na kila kisa kina muda uliotajwa waziwazi. Kufikia wiki ya tano nilikuwa nimegundua kwamba sihitaji kukisoma kisa chenyewe. Siku nne za uchangamfu uliopita kiasi, jibu ni hipomania, yaani mania hafifu. Wiki nzima, ni mania. Sauti na imani potofu kwa miezi mitano, ni skizofrenifomu. Kwa miezi saba, ni skizofrenia. Katika zoezi moja nilipata 38 kati ya 40 kwa kutafuta namba peke yake, na nilipoulizwa na mwenzangu kwamba yule kijana wa swali la 17 alikuwa anasikia nini, sikuwa na la kujibu. Kozi iliyoanza kwa kutuonya tusiiabudu orodha ilikuwa inatupa alama kwa kuiabudu.

Kasoro ya pili inahusu mwanafunzi mwenyewe. Kila aliyesoma somo hili anajua jinsi dalili zinavyomrukia msomaji: unasoma kuhusu hofu ya ghafla usiku, moyo unaanza kwenda mbio, na kabla hujafunga kompyuta umekwisha kujipa ugonjwa. Jambo hili linafahamika tangu zamani miongoni mwa wanafunzi wa udaktari, na kozi inalieleza vizuri, lakini inalieleza wiki ya 11. Kufikia hapo mimi nilikuwa nimejipima magonjwa matatu na kumpachika mwenzangu wa chumbani wa nne, kwa sababu tu anavipanga viatu vyake kwa mstari ulionyooka. Nilimwambia kwamba pengine ana ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia. Aliniangalia, akauliza, “Kwani anayesumbuliwa na viatu hivi ni mimi au ni wewe?” Swali lake lilikuwa sahihi kitaalamu kuliko kauli yangu, maana mwongozo unadai mawazo au matendo hayo yamlie mtu muda mwingi, kwa mfano zaidi ya saa moja kwa siku, au yamtese na kumkwamisha. Dakika kumi za onyo katika wiki ya kwanza zingeniepusha na aibu ile. Zaidi ya hayo, mada ya kujiua imefundishwa kwa makini, lakini ukurasa wake haumwelekezi popote mwanafunzi ambaye huenda inamgusa yeye binafsi.

Historia imepitishwa mbio, na sina ugomvi sana na hilo, isipokuwa mahali pamoja. Utafiti maarufu wa mwanasaikolojia wa Marekani David Rosenhan wa mwaka 1973, ambamo watu 8 walijifanya wanasikia sauti wakalazwa katika hospitali 12, umesimuliwa kana kwamba hauna doa. Mwaka 2019 mwandishi wa habari Susannah Cahalan alichapisha uchunguzi uliotia shaka nzito kuhusu namna ulivyofanywa na kuripotiwa, na mwanafunzi anastahili kuambiwa. Wiki mbili za tiba zimeenda sawa. Napongeza hasa maelezo ya tiba ya umeme, yanayosema wazi kwamba leo mgonjwa hupewa nusukaputi kwanza, kinyume na picha za kutisha ambazo wengi wetu tumekua nazo. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, umepewa dakika 12 tu, na hiyo ni dharau isiyo na sababu.

Faharasa ya Kiswahili iliyoambatishwa ni afadhali isingekuwapo. Skizofrenia imetafsiriwa “wazimu”, mania nayo “wazimu”, na sonona imeitwa “huzuni”, kosa lilelile ambalo mhadhiri alitumia nusu saa nzima kulisahihisha.

Kisha kuna rekodi ya wiki ya tisa. Mwanamke anayeishi na skizofrenia anazungumza kwa dakika 20, bila muziki na bila mtaalamu wa kumkatiza. Anaeleza kwamba mwanzoni alidhani sauti ni za majirani, akawa anazima redio ili awasikie vizuri. Anaeleza kuhusu dawa zilizomtuliza na kumnenepesha, na kuhusu ndugu wanaonong’ona anapoingia sebuleni, jambo ambalo kwa mtu mwenye historia yake ni mateso ya pekee. Katikati anasema, kwa sauti ya kawaida tu: “Nilikuwa nalijua jina la ugonjwa wangu miaka miwili kabla mtu yeyote hajaniuliza sauti zinasema nini.” Niliirudisha nyuma nikaisikiliza tena, halafu nikalikumbuka lile swali la 17.

Anayejiandaa kwa mtihani wa nadharia atafaidika na kozi hii, hasa wiki nne za mwanzo. Anayetarajia kukaa ana kwa ana na wagonjwa atahitaji mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi, kwa kuwa humu hakuna hata zoezi moja la kuhoji. Ukijiandikisha, anza na rekodi ya wiki ya tisa na somo la wiki ya 11, ndipo urudi mwanzo, mfumo unaruhusu. Nimewapendekezea waandaaji wenyewe wabadilishe mpangilio huo. Wamenijibu kuhusu faharasa, kwamba itapitiwa upya; kuhusu rekodi bado hawajasema kitu.