Tabelog, karatasi ya Kijapani na tumbo langu: nilivyopanga kula Osaka

Kama unakwenda Osaka na chakula ni sehemu ya safari, anza na Tabelog, achana na video za watu wanaotafunatafuna mbele ya mabango ya Dotonbori, mtaa wa watalii wa Osaka. Mimi nilifika kwa shughuli za magari ya mitumba, kama Watanzania wengi wanaofika Japani, na kazi ilipokwisha nikabaki mjini kutembea na kula. Nguruwe sili, pombe situmii. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu mwenye masharti. Asiye nayo atateleza tu.

Tabelog ni tovuti ya Wajapani wenyewe ya kupima migahawa, ipo tangu 2005, na ina ubahili wa alama ambao inabidi uuzoee kwanza. Kwenye ramani za Google, mgahawa wa mitaa ya watalii kupata 4.5 ni jambo la kawaida. Huku kwenye Tabelog 3.2 ni mahali pazuri pa mtaani, na ukiona 3.5 jua watu wanapanga foleni. Ila mimi alama nilizitazama juu juu. Faida niliipata chini ya ukurasa: siku wanayofunga, saa za jiko, kama wanapokea kadi, kama ndani kunavutwa sigara, mita ngapi kutoka stesheni, na bei ya mchana imeandikwa kando na bei ya usiku. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipangia safari nzima. Mgahawa ambao usiku utakugharimu maelfu ya yeni, mchana unauza seti ya wali, supu, samaki wa kuchoma na achari kwa yeni elfu moja na ushee. Basi mlo wangu mkubwa nikaufanya wa mchana, na jioni nikawa nadokoadokoa.

Wenye kazi za ofisi Umeda, mtaa wa maofisi na stesheni kubwa, hula chini ya majengo ya Osaka Ekimae, yako manne, na vyumba vyake vya chini vimejaa migahawa midogo ya kaunta. Fika saa tano na nusu, kabla ofisi hazijamwaga watu. Na usijidanganye kwamba utakula saa tisa alasiri: migahawa mingi hufunga jiko kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja jioni.

Sasa, Tabelog imetengenezwa kwa Mjapani, na Mjapani swali la nguruwe halimsumbui. Nilijaribu programu moja ya kutafuta chakula cha halali, sitaitaja jina, ikanipandisha ngazi mpaka kwenye saluni ya kucha. Msaada wa kweli ulitoka kwa kijana wa mapokezi hotelini. Nilimwomba aniandikie karatasi kwa Kijapani: sili nguruwe, wala mafuta yake, wala supu ya mifupa yake, na pombe hata ya kupikia sitaki. Pia nilikariri herufi ya nguruwe, 豚, nikawa naitafuta kwenye kila menyu kabla hata ya kuelekeza kamera ya simu kutafsiri. Rameni, yaani tambi za supu, karibu zote zilianguka kwenye mtihani huo.

Ile karatasi ilifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Mpishi mmoja wa okonomiyaki, zile chapati nene za kabichi zinazokaangwa kwenye bamba la chuma mbele yako, aliisoma mara mbili. Akachukua chupa ya sosi, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho kusoma yale maandishi madogo ya nyuma. Kisha akaniangalia na kuvuka mikono miwili kifuani kama herufi X, ishara yao ya kukataa. Sosi ilikuwa na nyama ndani yake, na bamba lile lile ndilo la kukaangia nguruwe. Nilidhani yameishia hapo, kumbe anavua aproni yake, anatoka nje na kunionyesha kwa mkono mzima duka la udon, tambi nene za ngano, ng'ambo ya barabara. Mteja anampeleka kwa jirani!

Udon za Osaka zina supu ya mwani wa kombu na samaki wa bonito aliyekaushwa, na ile iitwayo kitsune huwekewa juu kipande cha tofu kilichokaangwa kikapikwa na sukari na sosi ya soya. Ni chakula cha hapo hapo Osaka, na mtu wa pwani ataipenda ladha ya samaki ile. Lakini angalizo: mara nyingi hutia mirin, ambayo ni pombe ya kupikia. Toa karatasi yako.

Takoyaki usiikose. Chuma chake kina vishimo kama cha vitumbua, na mpishi anamimina uji wa ngano uliochanganywa na supu ya samaki, anatupia kipande cha pweza kila shimo, kisha kwa kijiti cha chuma anageuza moja moja haraka hadi zinakuwa mviringo. Ndani hubaki laini kama uji na moto usio na huruma, kwa hiyo acha pupa. Pweza mwenyewe huenda ametoka Afrika kama wewe, maana Japani huagiza wengi kutoka Mauritania na Moroko. Tatizo ni ile sosi nyeusi ya juu, ndugu yake ile niliyokataliwa. Duka la Aizuya huuza zao bila sosi, na kwangu hizo ndizo tamu zaidi, unamwonja pweza na si chupa. Kushikatsu, vijiti vya nyama na mboga vya kukaangwa, za mtaa wa Shinsekai nilizitazama kwa macho tu, kwa sababu ya mafuta ya kukaangia.

Jioni zangu ziliishia chini ya maduka makubwa ya Umeda. Hankyu na Hanshin wana ghorofa nzima ya chakula chini ya ardhi, na kadiri saa mbili usiku inavyokaribia, wafanyakazi hupita na vibandiko vya kupunguza bei kwenye sushi na masanduku ya wali. Wamama wa Kijapani huwa wamekwishasimama jirani, wakijifanya wanatazama kitu kingine. Hanshin wanauza pia ikayaki, ngisi ndani ya unga uliobanwa kwenye chuma cha moto, unaila umesimama. Sosi yake iulizie.

Mengine ni madogo. Beba noti za yeni elfu moja na sarafu, kwa sababu maduka mengi ya tambi yana mashine ya tiketi mlangoni, na za zamani hazitambui noti mpya zilizotoka Julai 2024. Bahashishi hakuna. Ila kwenye baa za jioni ukiletewa kisahani ambacho hukuagiza, hiyo ni ada ya kukaa, mara nyingi yeni mia tatu hadi mia tano. Kuna mahali karibu na Dotonbori walinitoza zaidi ya hapo kwa maharage matatu, na kubishana kwa ishara hakukunifikisha popote.

Ijumaa panda treni ya Hankyu uende Kobe, ni kama nusu saa kutoka Umeda. Msikiti wa Kobe ulijengwa 1935, wa kwanza Japani, ukayapita mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995. Jirani yake kuna maduka na migahawa ya halali, na hapo ndipo karatasi yangu ilipumzika mfukoni. Nyama ya ng'ombe wa Kobe ya halali nayo ipo mjini humo. Nilisoma bei mlangoni, nikamshukuru Mungu kwa macho aliyonipa, nikaenda kula biriani.